Nilitaja Mahali Mume Wangu Alipoficha Bunduki, Sasa Anataka Kumuua Mdogo Wake

Admin, jina langu lizike kabisa na kijiji usikitaje, sema tu ni upande wa Sikonge. Nina miaka thelathini na sita, ni mke wa mtu na mama wa watoto watatu, wa mwisho bado ananyonya. Najua wengi mtanitukana. Tukaneni, lakini mkimaliza mnisaidie, maana nikikaa kimya wiki hii kuna mtu atakufa.

Mume wangu analima tumbaku na kurina asali. Ana shotigani aliyoachiwa na marehemu baba yake, na leseni anayo kwa jina lake mwenyewe. Hiyo ndiyo inayofukuza nguruwe pori shambani, na ndiyo iliyofanya wezi wa mbuzi watupite wakaibe kwa wenzetu. Hajawahi kumnyooshea mtu. Ila ana hasira jamani, akikasirika hata mbwa anahama.

Mvua za mwaka huu maji yalitufuata mpaka kitandani. Nusu ya kijiji tulihamia shuleni. Mama mkwe aligoma, nyumba yake iko juu kidogo na mbuzi hakuna wa kumwachia, kwa hiyo mume wangu akawa anashinda kule kumlinda. Siku ya pili mtendaji wa kijiji akatangaza kwamba kwa ajili ya dharura kila mwenye bunduki aipeleke ofisini kwake mpaka maji yapungue. Mume wangu akamjibu mbele za watu: "Leseni nimepewa na polisi. Nionyeshe karatasi inayosema mvua ikinyesha haki yangu imekwisha. Mimi wakati wa maji ndio naihitaji." Karatasi hakuwa nayo. Mgambo wakapekua nyumba zote mbili, yetu na ya mama mkwe, wakatoka mikono mitupu.

Waliporudi shuleni wakaanza kuuliza tena, mume wangu amewafuata nyuma. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alikuwepo. Huyo ni mtu wa utani, hata msibani anachekesha. Akapaza sauti: "Nyie, kaka yangu bunduki aitoe wapi? Yeye ana mizinga tu!" Watu wakaangua kicheko, maana mizinga ni ya nyuki, na mizinga ni ya jeshi pia. Mume wangu hakucheka. Bunduki ilikuwa ndani ya mzinga mkavu wa gome, umetundikwa mtini nyuma ya nyumba ya mama yake. Shemeji hakulijua hilo. Aliyejua ni mimi peke yangu.

Mtendaji akaniita pembeni. "Mama, kaya yako siiandiki kwenye unga wa msaada mpaka silaha ije. Na mumeo nitamfunga." Mtoto alikuwa analia, maziwa yamenikauka. Lakini nisiwadanganye, haikuwa njaa tu. Nilimwona mume wangu anavyowatazama wale mgambo, nikasema moyoni huyu atamlipua mtu. Siku ile nilimwogopa yeye kuliko wezi. Nikamwambia mtendaji, "Iko kwenye mzinga ulio nyuma kwa mama mkwe." Kesho yake walikwenda moja kwa moja wakaushusha.

Siku mbili baadaye, kama saa kumi jioni, nilikwenda kwa mama mkwe kuwapelekea ugali, mtoto mgongoni. Nilikuwa jikoni nje nilipowaona wanaume watano wenye mabuti na mapanga. Mkubwa wao alimwambia mume wangu, akicheka kabisa: "Vipi mzee, leo huna mzinga?"

Mama mkwe alitoka na mchi. Alimpiga mmoja begani, na yule akageuka akamkata shingoni. Mara moja tu. Mume wangu alipiga kelele kwa Kinyamwezi, "Mayu! Mayu!" yaani mama, kama mtoto, akawarukia na jembe. Alimpasua mmoja kichwa, akafa palepale. Wengine watatu wakamwangukia, akakinga panga kwa mkono wa kulia, na ule mkono niliuona ukining'inia kwa ngozi. Waliendelea kumkata akiwa chini. Mimi nilikuwa nyuma ya kuni nimemziba mtoto mdomo mpaka akaanza kubadilika rangi. Walibeba tumbaku, wakaswaga mbuzi, wakaondoka wanatembea, hata hawakukimbia.

Polisi walipokuja kuchukua maelezo walisema hakuna aliyeagiza silaha zenye leseni zikusanywe, mtendaji alijiamulia mwenyewe. Jumatatu wiki hii bunduki imerudishwa. Mama mkwe alishazikwa, na mume wangu ana kigutu.

Hajui kuwa ni mimi. Neno la yule mwizi limemkaa kichwani, anasema mdogo wake alitaja mzinga makusudi ili watu wamwelewe. Alipotoka hospitali alimfukuza makaburini, panga mkono wa kushoto, shemeji akakimbilia Kigwa. Sasa Jumamosi ndugu wanakutana hapa kumaliza msiba. Mume wangu kila siku anajifunza kulenga kwa mkono mmoja, kitako amekibana kwapani. Nilipomuuliza kuhusu mdogo wake alisema tu, "Mwache aje."

Nimempigia shemeji asije. Amenijibu, "Shemeji, nisipokuja kumaliza msiba wa mama yangu nitakuwa nimekiri." Nikashindwa kumwambia ukweli. Analia kuliko mimi.

Nikimwambia mume wangu, risasi ile ni yangu, na watoto hawa sijui watalelewa na nani. Nikinyamaza, namzika mtu ambaye kosa lake ni kutania. Nikienda polisi watamnyang'anya tena silaha yake halali, kwa mdomo wangu mara ya pili, na wale watu wanne bado wako nje hawajakamatwa.

Msiniambie niombe Mungu, naomba usiku na mchana. Niambieni nianze na nani, na nianze na neno gani. Leo ni Alhamisi, na shemeji ameshakata tiketi.