Niliunganisha server za kampuni mbili haraka haraka, dereva akakosa kumzika mama yake

Hapana mkuu, wewe uliyeandika kwenye ule uzi mwingine kwamba data ikipotea kampuni zikiungana ni kosa la mfumo. Mfumo ulifanya nilichouambia.

Nawasimulia yangu wakuu, hata pale panaponiaibisha sitaruka.

Nipo Tunduma, mpakani na Zambia. Nina form four na kozi ya kompyuta ya miezi sita, basi. Kampuni yetu ya malori ilinunua nyingine ya Vwawa, nikapewa kazi ya kuunganisha directory, yaani server inayotunza jina la kila mfanyakazi, namba zake na ruhusa zake.

Kila server ina schema, sheria za nini kinaruhusiwa kuandikwa. Schema ya Vwawa iliruhusu mtu mmoja namba nyingi za simu. Ya kwetu, moja tu.

Sasa Tunduma hapa nani ana laini moja? Hata mama wa maandazi ana ya Tanzania na ya Zambia.

Import, yaani kuingiza data zao kwetu, ikagoma, error mistari na mistari. Njia sahihi ilikuwa kubadili schema yetu na kuijaribu pembeni kwanza, kazi ya siku mbili.

Mimi subira sina. Nikaandika script ichukue namba ya kwanza, nyingine iache. Ikapita. Nikaenda kula.

Wiki iliyofuata ofisini ikaingia simu toka Itumba, dada wa mapokezi akaipokea. Ni mdogo wake dereva mmoja wa ile kampuni ya Vwawa, nitamwita Baba Neema. Simu ya huyo mdogo mtu ilikuwa imekufa na namba zote, hii yetu kaitoa kwenye kalenda mpya ya kampuni, ukutani kwa mama yao.

"Dada, mwambieni kaka mama ametutoka. Tunazika kesho saa nane."

Nikaitwa, nikafungua server. Namba moja, ya Zambia. Haipatikani.

Dada wa mapokezi akasema, "Huyo keshavuka, saa hizi yuko Kapiri, Zambia ndani huko, anakula nshima, ugali wao."

Tukapiga mpaka tukachoka. Wakazika.

Kumbe alikuwa hapa hapa, eneo la Mpemba nje kidogo ya Tunduma, kwenye foleni ya malori, siku ya tatu, anapika chini ya trela. Toka ofisini ni bodaboda tu. Laini yake ya Tanzania ilikuwa hewani muda wote.

Alipokuja hakufoka. Aliniuliza tu, "Mdogo wangu, kwani namba yangu hamkuwa nayo?"

Bosi akaniwahi. "Mtandao wa Zambia, si unaujua."

Nikanyamaza. Hapo ndipo panaponiuma kuliko hata script.

Nilichojifunza, schema ikigoma, panua schema. Usimkate mtu ili atoshe.

Mliowahi kuficha kosa kazini halafu mkaja kusema, mlianzaje? Niandikieni, nitasoma njiani.

Namba zote nimezirudisha leo toka backup ya Vwawa. Kesho asubuhi kompyuta siiwashi. Napanda gari la Itumba, Baba Neema na ndugu zake bado wako matangani, nimwambie kwa mdomo wangu kwamba namba yake tulikuwa nayo, na aliyeifuta ni mimi.