Jani Lisilo na Tundu

Kila nilicho nacho nimekitafuta mwenyewe. Miaka sita nilitunza bustani za matajiri kule Doha, nikarudi Nairobi, nikajisomesha hadi nikapata diploma ya kilimo. Hapa Mashimoni, Kibera, nilikozaliwa, hakuna mwingine aliyeotesha sukuma wiki kwenye magunia arubaini bila tone la kemikali. Nasema hivyo bila haya. Udongo niliuchanganya na mboji, katikati ya kila gunia nikapanga mawe ya kupitisha maji, na wadudu niliwapunguza kwa majivu na maji ya pilipili.

Niliwapunguza tu, sikuwamaliza. Mboga nilikuwa nauza Kawangware, na wateja niliwafundisha hivi: kabla hujanunua, tafuta jani lenye tundu. Mdudu akila, nawe unaweza kula. Kisha nilitafuna jani bichi mbele yao. Jina langu lote lilisimama juu ya jani hilo.

Kakangu mkubwa, ambaye hakuwahi kuhama Kibera, ndiye aliyenisaidia. Nilipoenda Kitui wiki mbili kumzika mjomba, nilimwachia magunia yote. Niliporudi nilikuta majani mapana, yanang'aa, hayana doa.

"Umeona?" nilimwambia. "Hiyo ndiyo elimu."

"Wewe ni prof, bro," akajibu, akacheka.

Siku hiyo hiyo nikapeleka mboga Kawangware. Shosho mmoja, bibi mzee aliyekuwa mteja wangu wa kwanza kabisa, akageuza fungu lake mara tatu.

"Hii haina hata tundu moja."

"Ni udongo mzuri, shosho."

"Si wewe ulitufundisha? Mdudu amekataa, mimi nile?"

Watu wakaangua kicheko. Nikatafuna jani, nikaongeza la pili. Wengine wakanunua kwa kuniona nikila. Yeye akarudisha fungu na kuondoka.

Nilirudi nyumbani ulimi ukiwasha. Nikachungulia kati ya magunia: nyuki wamekufa, viwavi wamekauka. Nyuma ya tangi la maji nikakuta pampu ya jirani anayepuliza dawa ya kunguni vyumbani. Harufu ile kila mpangaji wa Mashimoni anaijua.

"Bro, umepulizia mboga dawa ya kunguni?"

"Kidogo tu."

"Watu wanakula hizi!"

"Na ungekuta viwavi je? Ungenifokea mbele ya majirani kama kawaida yako. Diploma, diploma! Nimechoka kuwa mwanafunzi wako. Na si ulisema ni elimu yako?"

Ni kweli, nilisema. Lakini alikuwa amesimama kando yangu Kawangware mara nyingi. Alijua nitatafuna jani lile. Aliniona nikifunga mboga asubuhi, akanyamaza.

Niling'oa mboga za magunia yote arubaini. Kesho yake nikazunguka Kawangware nikiwaomba wateja wazitupe mboga nilizowauzia. Wengi walikuwa wameshakula. Mmoja alinifukuza. Mwingine aliniuliza, mbele ya watu, kama diploma yangu niliinunua River Road, kwa waghushi wa vyeti.

Shosho nilimkuta mlangoni kwake akichambua mboga za managu za muuzaji mwingine, yenye matundu tele. Nikamweleza yote, hata la kakangu. Hakunicheka.

"Na wewe ulikula mangapi?"

"Mawili."

Tangu jana hakuna aliyekuwa ameniuliza hilo, hata kakangu. Akanisogezea kigoda.

"Keti kwanza," akasema.