Kanzu ya Yosefu Nyumbani kwa Mzee Laurenti

Jamani, aibu niliyoipata mimi ningeweza kuigawa Katandala nzima, kila nyumba ikapata sahani yake na sufuria likabaki limejaa, na yote ni kwa sababu ya kutaka kuchangamsha watu.

Tulikuwa kwa jirani yangu, Mzee Laurenti, kuanua matanga ya mwanawe Deo, aliyezama ziwani kule Kasanga. Mwili haukuonekana, lililookotwa ni shati lake tu. Mzee alikuwa amegoma miezi yote, hataki kusikia habari ya kuanua, mpaka binti yake Skola akambembeleza ndipo akakubali. Basi tumekaa sebuleni, wazito kama magunia ya mahindi, na ukutani kuna picha ambayo padre mmoja alimwachia mzee zamani, nakala ya mchoro wa kale wa Ulaya: baba mwenye ndevu kainua mikono, vijana wamemshikia nguo.

"Mwalimu, hebu tufafanulie hiyo picha," jirani mmoja akanichokoza. (Mwalimu ni mimi, mhitimu wa masomo ya jioni, cheti nimekitundika mahali ambapo hata kuku wanakisoma.)

Nikasimama, nikakohoa kama askofu. "Hii ni familia yenye baraka! Watoto wamemletea baba shati la sikukuu, oneni alivyoinua mikono kwa furaha!"

Shati. Nimelitamka mbele ya yule baba. Watu wakainamisha vichwa, nami nikatamani sakafu inimeze na viatu vyangu.

"Furaha gani, wewe naye!" katekista akafoka. "Huyo ni Yakobo. Anaonyeshwa kanzu ya mwanawe Yosefu ili aamini kafa, ina damu, huioni?"

Hapo mwenye akili angekaa. Mimi nikaona nitengeneze nilipoharibu, nikadakia, "Lakini damu ilikuwa ya mbuzi! Yosefu mwenyewe alikuwa hai, yuko Misri!"

Mzee Laurenti akainua uso.

"Kwa hiyo nguo ikirudi peke yake," akauliza taratibu, "si lazima mtu awe amekufa."

"Baba," Skola akasema. "Baba, tafadhali."

"Matanga hayaanuliwi." Akaingia chumbani, akatoka na lile shati, akamkabidhi binti yake. "Lifue, mwanangu. Atalihitaji."

Watu wakaaga mmojammoja, pombe ya ulezi haijafika hata nusu. Skola akanisindikiza hadi mlangoni, akaniambia kwa sauti ya chini, "Kaka, nilikuwa namzika Deo kidogokidogo. Wewe umemfukua."

Siku hizi mzee anashinda stendi, kila gari la kutoka Kasanga analichungulia. Nami nimeapa kutofafanua picha yoyote, hata ya kwenye boksi la kiberiti. Juzi nilipompa shikamoo akanishika mkono.

"Mwalimu, hivi Yosefu alikaa Misri miaka mingapi ndipo baba yake akamwona?"

Nilikwishaihesabu kwenye Biblia. Ni mingi, na yeye umri umekwenda. Nikamwambia sikumbuki.

"Basi kasome tena," akasema, macho barabarani. "Mimi nipo."