Sauti za Mwalimu Klara na Flashi ya Januari

Mwalimu Klara Mabula alishuka stendi ya Shinyanga amebeba kapu. Ndani ya kapu kulikuwa na kompyuta mpakato iliyoviringishwa kwenye kitenge, na juu yake ameweka mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, ili mtu akichungulia aone chakula tu.

Alikuwa amestaafu kufundisha shule ya msingi huko Samuye miaka minane nyuma. Tangu hapo kazi yake ilikuwa kuwafuata wazee majumbani na kuwarekodi wakieleza, kwa Kisukuma, habari za ngitili, yale malisho yanayofungiwa mpaka kiangazi: mipaka yake iko wapi, nani aliianzisha, ugomvi gani ulitokea na uliamuliwaje. Wengi wa wazee hao walikuwa wamekwisha kufa. Hata mama yake mzazi, aliyemrekodi kwa saa mbili na robo, alizikwa mwezi wa tatu.

Sasa kompyuta ilikuwa imegoma. Kila akibonyeza kurekodi, inamjibu kwamba nafasi imejaa.

Katika mtaa wa Ngokolo alielekezwa kwenye kibanda cha fundi mmoja wa kompyuta aitwaye Januari, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mpole wa sauti. Upole wenyewe ulimtia Klara wasiwasi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Januari aliifungua kompyuta, akaangalia, akatikisa kichwa. "Imejaa kweli. Niachie, mama. Kesho utaikuta nyepesi."

"Siiachi. Nitakaa hapa hapa."

Hakuwa anaringa. Miaka mitatu iliyopita fundi mwingine alimsafishia simu, na picha za mazishi ya kaka yake zikapotea. Alipouliza, aliambiwa hazikuwemo tangu mwanzo. Kwa hiyo alivuta stuli, akakaa begani kwa Januari kama msimamizi wa mtihani.

"Hilo unalofuta ni nini?"

"Pipa la taka, mama. Vitu ulivyokwisha kuvifuta mwenyewe, ila bado vinakula nafasi."

"Nionyeshe kwanza."

Akaonyeshwa kimoja kimoja, ndipo akakubali. Wakafuta mafaili ya muda, wakafuta mabaki ya masasisho ya zamani. Kwenye folda ya vitu vilivyopakuliwa walikuta tangazo lile lile la mkutano limepakuliwa mara kumi na nne. Penye folda ya mfumo wenyewe Januari alipita bila kugusa. "Hapa ukifuta ovyo haiwaki tena," alisema. Klara akaandika maneno hayo kwenye daftari lake, na pembeni akaandika jina la aliyeyasema.

Nafasi iliyopatikana ilikuwa ndogo. Kilichojaza kompyuta hasa ni rekodi zenyewe, na dawa ilikuwa kuzihamishia nje. Januari akatoa flashi kwenye droo. Ilikuwa imeandikwa ukubwa wa gigabaiti mia tano. Akaichomeka, akanakili, na kazi ikaisha kabla ya adhana ya adhuhuri. Majina yote yakaonekana kwenye flashi, moja chini ya jingine. Akasogeza mshale ili afute za kwenye kompyuta.

"Ngoja," Klara alisema. "Nataka kuzisikia."

"Zimeingia zote, mama. Unaziona."

"Naona majina. Nataka sauti."

Januari alishusha pumzi, akafungua ya kwanza kutoka kwenye flashi. Mzee akasikika akikohoa na kusalimia. Ya pili ikasikika, ya tatu pia. Klara akashuka hadi chini, kwenye jina la mama yake. Kioo kikaandika kwamba faili haliwezi kufunguka. Wakajaribu la juu yake, likawa vile vile, na lingine tena.

Klara akaivuta kompyuta na kuipakata. "Ulijua."

"Sikujua."

"Flashi ni yako."

"Niliinunua mnadani." Aliigeuza mkononi. "Hii ni feki. Imeandikwa mia tano, ndani huenda haifiki thelathini. Ikijaa inaandika juu ya vya zamani, na vingine inaviacha majina matupu."

Aliichomeka flashi kwenye kompyuta yake mwenyewe, akafungua folda moja, akabonyeza picha, akabonyeza nyingine. Zote zilikuwa za kijivu. Mwanzoni Klara alidhani ni maigizo. Lakini Januari aliendelea kubonyeza, picha moja baada ya nyingine, mpaka mwisho wa folda.

"Picha za harusi yangu," alisema. "Nilizihamishia humu mwaka jana, nikafuta kwenye mashine. Sikujaribu kuzifungua."

Klara hakumpa pole mara moja. Alimtazama kwanza usoni, muda mrefu, jinsi alivyozoea kuwatazama wanafunzi. Ndipo akasema, "Pole, baba."

Wakafunga kibanda, wakaenda wote wawili kwenye duka la vifaa, Klara na kapu lake kifuani. Alichagua mwenyewe diski ya nje iliyofungwa kiwandani, akadai risiti yenye jina la duka. Kunakili na kukagua kulichukua mchana wote uliobaki. Kila rekodi aliisikiliza mwanzo, katikati na mwisho, kutoka kwenye diski, ndipo akaruhusu ifutwe kwenye kompyuta.

"Na diski hii ikifa?" Klara aliuliza.

"Ndiyo maana mtu anaweka nakala mbili, mahali pawili."

Basi rekodi ya mama yake, iliyokuwa ya mwisho, aliiacha kwenye kompyuta, na akaahidi kutafuta diski ya pili akivuna.

Alipokuwa anafunga kapu aliuliza, "Mkeo hana hata picha moja kwenye simu?"

Januari hakuwa amefikiria hilo. Mkewe alikuwa Geita kwa dada yake Eunice. Akapiga simu, akaeleza kwa sauti ya chini. Klara akamwambia aweke spika. Sauti ya mkewe ikasema kuwa Eunice anazo sita, na huenda mpiga picha wa Kahama bado anazo zote.

"Zikija, usizifute huko zilikotoka," Klara alisema, akaenda kuwahi basi la Samuye.