Maji ya Mkubwa

Nilitoka Ngombezi, kwenye kambi ya wakata mkonge, nikiwa na viatu vya kuazima. Nimerudi na stashahada ya uuguzi na nyumba ya vigae Chanika, ambayo watu wa Handeni huitumia kuelekezana njia. Hakuna aliyenibeba. Nimezoea kupata ninachokitafuta.

Huko ughaibuni niliuguza wazee. Mmoja, Myahudi aliyepoteza macho, alinifundisha kwamba kwao Torati imegawanywa mafungu, fungu moja kila juma, mwaka ukiisha wanaanza upya. Huchagui, na huruki. Nilimsomea mpaka alipofariki, nikarudi nyumbani na tabia hiyo.

Baba yangu naye sasa haoni. Anaishi Lutindi kwa mdogo wangu, na kila Jumamosi nampandia kumsomea fungu la juma. Nilikuwa na langu jambo pia. Kwetu mzee akihisi siku zake zimekaribia humwita mtoto mkubwa wa nyumba, hutia maji ya kibuyu mdomoni mwake na kumpulizia kifuani. Huyo mmoja ndiye anayebaki na nyumba. Nilikuwa nasubiri maji yangu.

Jumamosi ile ya mvua za vuli fungu lilikuwa Toledoti: mzee kipofu, na pacha mdogo anayevaa ngozi za mbuzi ili achukue baraka ya mkubwa. Njia nzima ya mlima nilitamani kuliruka. Lakini nikalisoma.

Mdogo wangu alikuwa mlangoni anamenya ndizi. Nilipofika kwenye aya ambayo mkubwa anaingia na chakula chake, amechelewa, kisu chake kikasimama.

"Kaka, nani kakwambia?"

"Kaniambia nini?"

Baba akakohoa. "Nilimpulizia yeye, nilipolazwa, wewe ukiwa bado ughaibuni. Nilijua sitoki. Tulikupigia wewe kwanza, simu ikaita mpaka ikakata."

"Mimi sikuvaa ngozi ya mtu," mdogo wangu akasema. "Nilikuwepo tu."

"Ulikuwepo kwa sababu hukuwa na pa kwenda!"

"Haya, msomi. Paa hili la mzee uliliezeka wewe?"

Nikapiga magoti mbele ya kiti cha baba.

"Baba, maji hayajaisha duniani. Nipulizie na mimi."

Akanipapasa mkono kuanzia begani, akashuka taratibu, vidole vikagota kwenye saa.

"Yule mzee wako wa huko. Ukimsomea, alikuwa anakushika hivi?"

"Ndiyo, baba."

Akaniachia.

"Maliza fungu."

Nikalimaliza. Mimi niliyetoa mada mbele ya madaktari wa kizungu bila kumeza mate, sauti ilinikatika mara mbili. Nilipofunga kitabu baba akaomba maji. Mdogo wangu akatungua kibuyu ukutani, akampa mkononi.

Nilikuwa bado nimepiga magoti, vifungo viwili vya shati nimeshavifungua. Baba akajaza mdomo, mashavu yakatuna. Mvua ilikuwa inapiga bati.

Akameza yote.