Gwenno na Reli ya Bryn Hafod

Asubuhi ile Idwal aliunguza mkate. "Mzee wangu, na pua nayo imestaafu?" mkewe, Gwenno, akamuuliza. Wakacheka. Treni ya kwanza ikapita nyuma ya nyumba ikipanda machimboni, naye Gwenno akasimama dirishani, kisu cha siagi mkononi, mpaka moshi ukapotea. Kesho yake hakuamka.

Idwal aliwahi kuwa mshika breki kwenye reli hiyo. Reli nyembamba, mabehewa yake yanamfika mtu kiunoni. Mawe ya kuezekea yalishuka mlimani hadi bandarini kwa uzito wake tu, wanaume wakining'inia kwenye breki. Injini kazi yake ilikuwa kurudisha mabehewa matupu juu. Machimbo yalipofungwa, treni nayo ikafa. Miiba ikaimeza njia. Idwal akawa hatazami upande ule.

Ndipo wakaja vijana wa mjini na koleo zao, wanataka kuifufua. Tatizo ni kwamba nafasi yao ilikuwa Jumapili tu, na kijijini Bryn Hafod, Jumapili ni siku ya Mungu ya mapumziko, hata nguo haianikwi. Hakuna aliyewapa maji. Siku moja mvua iliwanyeshea tangu alfajiri. Wakaanza kukusanya vifaa vyao, wakisema hawarudi tena.

Gwenno alikuwa ndiyo kwanza ametoka ibadani. Akaingia ndani, akatoka na birika la chai, kofia ya kanisani ingali kichwani. Idwal akamfuata. Langoni wakamkuta mzee wa kanisa, Tegid Pugh, na waumini nyuma yake.

"Bi Gwenno! Hata wewe? Jumapili?"

"Wana kiu, Mzee Pugh."

"Kiu ya dhambi hiyo!"

"Basi chai nimeitia sukari, itawapoza."

Mtu mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Idwal alitamani ardhi ipasuke. Benchi lao kanisani lilikuwa la babu yake.

Vijana walikunywa, wakabaki. Jumapili iliyofuata mke wa Pugh mwenyewe alipeleka mikate, kwa njia ya nyuma. Siku treni ilipopiga honi tena, kijiji kizima kilikuwa kando ya reli.

Lakini Idwal hukumbuka zaidi pale langoni, alipomshika mkewe mkono akanong'ona, "Turudi, mama, watatusema." Gwenno hakupunguza sauti.

"Mungu alipumzika kwa sababu kazi yake ilikuwa imekwisha. Hii yetu imekwisha? Haya, shika birika, linaniunguza."