Namba Ndogo za Mama Gati

Nakumbuka vizuri siku niliyopanda kwenda Ntimaru na nakala ya jarida letu kwapani, mwanangu, mimi niliyekuwa nikijiona msomi kupita wote wa Migori na Homa Bay. Umeniomba historia ya jarida hilo la theolojia ili uiandike. Basi nitaanza na aibu yangu, maana ndiyo ninayoikumbuka zaidi.

Tulikuwa tukilichapa katika chuo kidogo cha Biblia karibu na Kosele, kwa mashine iliyotupaka wino hadi masikioni. Mhariri alikuwa Mwalimu Oloo, mpole kwa kila kitu isipokuwa koma. Makala yangu ya kwanza ilihusu sala za shukrani kwa mavuno ya wimbi, yaani ulezi. Yote nilifundishwa na Mama Gati, mkulima wa Ntimaru, aliyenikalisha jikoni kwake siku tatu akinisimulia na kunishibisha. Lakini tanbihi zangu, zile namba ndogo zinazoonyesha chini ya ukurasa umetoa wapi maneno, zilijaa wataalamu wa Ulaya. Vitabu vyao vingine, Mungu anisamehe, niliona majalada tu.

Jarida lilipotoka, nikamsifia Mwalimu Oloo ugali wa Mama Gati. Akafungua makala yangu, akatafuta.

“Omera, ndugu yangu, huyu mama yuko wapi hapa?”

Nikafunua kurasa pamoja naye, nisimpate.

“Mpelekee. Msomee yote, hata ya chini.”

Nilipofika, Mama Gati alikwisha kupata habari, naye alikuwa amevaa nguo za kanisani na kuwaita majirani wasikie jina lake likisomwa. Nikasoma, naye akawa anatikisa kichwa kwa furaha, maana maneno yalikuwa yake.

“Na hizo namba ndogo ni za nini?”

“Ni za walionifundisha, Mama.”

“Haya, soma hizo.”

Nikasoma majina yote, moja baada ya jingine, sauti ikipungua. Nilipomaliza, akanitazama.

“Hawa wazungu walikuja lini? Mbona sikuwaona jikoni?”

Majirani walicheka mpaka kuku wakatoka nje. Nami nikacheka, machozi ya aibu yakinitoka.

“Rudi uniandike,” akasema. “Lakini kwanza kula.”

Toleo lililofuata lilifunguliwa kwa masahihisho yangu, na jina lake likiwa la kwanza. Tangu hapo Mwalimu Oloo hakupokea makala isiyotaja waliosimulia, na ndiyo maana mpaka leo, hata jarida likisomwa kwenye simu, utakuta ukurasa wa majina yao.

Kwa hiyo, mwanangu, soma vitabu vyote utakavyopata, ila mtu akikufundisha jikoni kwake, mwandike. Kumlia mtu ugali na kumficha jina ni wizi, hata ukiufanya kwa lugha ya kanisa. Mungu akubariki, akupe kalamu nyepesi na wenyeji wakarimu. Na ukifika kwenye kosa langu, usilifiche. Weka namba ndogo, na chini uandike: nimesimuliwa na mkosaji mwenyewe, akicheka.